Wenzo wa goti kwenye cherehani: kuupanga, kuuzoea na kutibu kasoro zake (mjadala maalumu)

FundiSindanoMoja:

Wakuu, habari zenu.

Kila mtu anapohama kutoka cherehani ya kukanyaga kwenda ile kubwa ya kiwandani, swali la kwanza ni hili hili: "Hiki chuma kinachonigonga goti ni cha nini, naweza kukitoa?" Msikitoe. Ndicho kitu chenye faida kubwa kuliko vyote vilivyo chini ya ile meza, na wengi wanakiacha kinaning'inia miaka kwa sababu siku ya kwanza kiliwasumbua. Tuweke humu kila kitu kinachokihusu.

Kwanza maneno, maana mjadala huu utakuwa na miguu mingi. Nikiandika mguu wa kubana, ni kile kipande kinachokandamiza kitambaa juu ya meno, yaani vile vyuma vinavyosukuma kitambaa kutoka chini. Kimkono cha nyuma ni kile cha kuunyanyua kwa kidole. Wenzo ni chuma kinachoshuka chini ya meza upande wa kulia, na kibao ni ile sahani yenye mpira au sponji mwishoni mwake, inayopokea goti.

Kazi yake: goti la kulia linasukuma kibao kwenda kulia, mguu wa kubana unapanda. Goti likirudi, unashuka. Mikono yote miwili inabaki kwenye kitambaa muda wote. Chukua mfuko wa shati wenye ncha chini. Una kona 3 za kugeuza sehemu ya chini peke yake. Kila kona ukitumia kimkono cha nyuma, mkono mmoja unaondoka, na hapo ndipo kitambaa cha juu kinapoteleza juu ya cha chini. Sekunde zinazopotea ni jambo dogo. Kinachoharibu kazi ni mkono kuachia kitambaa.

Ndani mambo yako hivi, kwa mashine za mpangilio wa Juki DDL-8700 na nyingi zinazofanana nayo: wenzo umeshikwa na mhimili uliolala kwenye trei ya mafuta. Mhimili ukizunguka, mkono mdogo unasukuma pini fupi kwenda juu, pini inasukuma nyenzo zilizo ndani ya kichwa, nazo zinanyanyua fimbo ya mguu wa kubana. Kimkono cha nyuma cha DDL-8700 kinanyanyua milimita 5.5. Goti linanyanyua milimita 10 kama mashine ilivyotoka kiwandani, na skrubu ya kurekebishia inaweza kuifikisha 13. Ndiyo maana mkunjo mnene wa jinzi unaokataa kuingia kwa kimkono unaingia kwa goti.

Sasa kuupanga. Goti halizoei wenzo uliokaa vibaya, linachoka tu, kwa hiyo spana itangulie mazoezi.

1. Kaa pua ikielekea sindano. Wengi hukaa wakielekea katikati ya meza, yaani kulia zaidi, na goti linabanwa na kibao muda wote.

2. Weka nyayo kwenye pedeli kama unavyoshona. Kati ya goti na kibao iwepo nafasi ya vidole viwili, sentimita 3 hadi 4. Ikizidi hapo, paja linasafiri mbali na nyonga itakuambia jioni. Ikipungua, goti litakuwa linagusa bila wewe kujua.

3. Kibao kiguse ubavu wa goti au juu yake kidogo, upande wa paja. Kikikaa chini ya goti, kwenye muundi, utakuwa unakisukuma kwa kuzungusha kifundo cha mguu, na kifundo kikizunguka pedeli nayo inakanyagwa.

4. Kibao kilale sambamba na paja, kisikuguse kwa ukingo. Legeza bolti yake, kaa, kigeuze mpaka kilale vizuri, kisha kaza. Kaza kwelikweli, kwa sababu bolti iliyolegea inateleza kidogo kidogo na kila siku utakuta mguu wa kubana haupandi juu kama jana.

5. Angalia mlegezo. Mguu wa kubana ukiwa chini, sukuma kibao kwa mkono taratibu. Lazima kisogee kidogo bure kabla mguu haujaanza kupanda. Kama unapanda papo hapo, kuna hatari kwamba pini inaushikilia juu hata ukiwa umeachia, na kitambaa hakibanwi sawasawa. Hapo mtu anasumbuka kukaza mkazo wa uzi na kubadili sindano wakati ugonjwa uko chini ya meza.

Karibuni.

---

MamaNakshi:

Asante fundi. Swali: kila nikisukuma goti, mashine inashona mishono miwili mitatu yenyewe. Mota ni ile ya kluchi inayonguruma muda wote. Nini kinasababisha?

---

PedeliLaini:

Mama, hiyo ndiyo kasoro namba moja ya wanaoanza, na ya hatari, kwa sababu wakati goti linanyanyua vidole huwa viko karibu na sindano.

Ukisukuma paja kwenda kulia, unyayo nao unataka kugeuka. Ukigeuka kwa kuegemea mpira wa mguu, yaani sehemu ya mbele, uzito unaingia mbele ya pedeli na kluchi inashika. Mota ya kluchi haihitaji mengi, inashika kwa mguso tu. Tena mguu wa kubana ukiwa juu, meno hayasukumi kitambaa na visahani vya mkazo, vile vinavyobana uzi wa juu, viko wazi, kwa hiyo mishono hiyo miwili mitatu inajaza uzi chini na kuufunga kwenye ndoano, kile chuma kinachozunguka chini na kukamata uzi wa sindano.

Dawa ni kufanya kisigino kiwe bawaba. Kiache kimetulia kwenye pedeli, goti liende kulia, vidole vibaki vyepesi. Usinyanyue paja kwenda juu. Wenzo unasukumwa pembeni, na wanaoinua paja huishia kupigilia mguu chini wanapoachia.

Jaribu mota ikiwa imezimwa: weka kipande cha karatasi kati ya ncha ya kiatu na pedeli, sukuma goti mara 20. Karatasi ikibanwa, bado unakanyaga. Rudia mpaka iwe inatoka kwa urahisi hata goti likiwa limefika mwisho.

Ukipata nafasi ya kubadili, funga mota ya sevo. Inasimama kimya pedeli ikiachwa, na kasi unaiwekea kikomo. Mashine hizi zinaweza kufika mishono 5,000 kwa dakika na zaidi, kasi ambayo mwanafunzi hana matumizi nayo. Weka 600 hadi 800 wiki ya kwanza.

---

KanzuNaKofia:

Nyongeza kidogo kwa PedeliLaini. Mtu anaweza kugawa kazi: mguu wa kushoto ukanyage, wa kulia ubaki na goti tu. Pedeli ya kiwandani ni pana, inatosha nyayo zote mbili. Tanguliza wa kushoto mbele, wa kulia uuweke nyuma kidogo kisigino kikigusa. Tatizo la kluchi kushika linakwisha siku hiyo hiyo.

---

PedeliLaini:

Kaka, kwa pedeli ndogo ya nyumbani nakubaliana na wewe kabisa. Kwa pedeli pana sikubaliani moja kwa moja. Mguu wa kulia ukikaa nyuma na kisigino kikilemea, kwenye mashine yenye kukata uzi yenyewe unakuwa umeagiza kukata. Nyingi za kisasa zenye kunyanyua kwa umeme ziko hivi: kisigino nusu, mguu wa kubana unapanda, kisigino mpaka mwisho, uzi unakatwa. Ukiwa katikati ya kola, uzi umekatika.

---

KanzuNaKofia:

Hoja nzuri, nimeikubali kwa mashine za kukata uzi. Kwa mashine ya kawaida isiyo na umeme kichwani nabaki palepale: kushoto akanyage. Mwanzoni mguu wa kushoto unakuwa mzito, kasi inapanda ghafla, ila siku 3 au 4 unazoea.

---

Kitambaa_Laini:

Niko na swali. Nikinyanyua kwa goti ili nigeuze kona, mshono wa kona unatoka legevu, uzi unafanya kitanzi. Kwa kimkono cha nyuma pia ulikuwa unatokea lakini si sana. Mkazo uko sawa kwenye mstari ulionyooka.

---

KolaNaKafu:

Kitambaa_Laini, unanyanyua kupita kiasi. Hapa tukae kidogo, kwa sababu wenzo una kitu ambacho kimkono hakina: nusu.

Kimkono cha nyuma kina hali mbili, juu au chini. Goti lina kila kimo kilicho katikati. Mguu wa kubana ukipanda mpaka kiasi fulani, ndani kuna nyenzo inayofungua visahani vya mkazo ili uzi uvutike unapotoa kazi. Chini ya kiasi hicho visahani bado vimefungwa. Ukigeuza kona na visahani vikiwa wazi, kitambaa kinapozunguka sindano kinavuta uzi wa ziada, na uzi huo ndio kitanzi unachokiona.

Itafute sehemu hiyo kwenye mashine yako. Zima mota. Shika uzi karibu na sindano, uvute kidogo kidogo kwa mkono huku goti linasukuma polepole. Utasikia uzi mgumu, mgumu, halafu ghafla unalegea. Tazama mguu wa kubana uko milimita ngapi juu ya bamba la sindano wakati huo. Kona zote unazogeuza zibaki chini ya hapo. Kwa popilini au kitenge, milimita 2 au 3 zinatosha kabisa kugeuza. Juu mpaka mwisho ni kwa ajili ya kuingiza na kutoa kazi.

Na kona yenyewe iko hivi. Simama mshono mmoja kabla, malizia kwa kuzungusha gurudumu la mkono kuja kwako. Sindano ishuke mpaka chini kabisa, kisha ianze kupanda kidogo, kama milimita 2. Hapo ndoano imeshakamata kitanzi cha uzi. Ukigeuza sindano ikiwa bado inashuka, kitanzi hakijakamatwa, kitambaa kinakivuruga, na mshono wa kwanza baada ya kona unaruka. Wengi hulaumu sindano. Kisha goti nusu, geuza, mkono wa kushoto ukibana kitambaa mbele na wa kulia ukielekeza, goti lirudi polepole, halafu ndipo mguu ukanyage. Kukanyaga kabla mguu wa kubana haujatua ni mshono mfupi uliorundikana papo kwa papo.

Polepole nimeisisitiza kwa sababu mguu wa kubana ukiachiwa ghafla unagonga. Kwenye satini na ngozi unaacha alama, na kwenye vitambaa viwili vya utelezi unasogeza cha juu milimita moja mbele. Milimita moja kwenye ncha ya kola inaonekana kutoka mlangoni.

Kwenye mviringo, kama shingo ya dera au kola ya duara, huhitaji kusimama kila mara. Shona mishono 3 au 4, simama sindano ikiwa chini, gusa goti kidogo tu mguu upumue, kitambaa kijilegeze chenyewe, achia, endelea. Hugeuzi kwa nguvu, unaruhusu kitambaa kilale. Mikunjo midogo inayotokea kwenye mviringo wa ndani inatokana na kulazimisha kitambaa kigeuke kikiwa kimebanwa.

---

Kitambaa_Laini:

Nimeelewa sana. Na wakati wa kutoa kazi mwisho wa mshono?

---

KolaNaKafu:

Kile kimkono cha kuvuta uzi, kinachopanda na kushuka mbele ya kichwa, kiwe juu kabisa. Zungusha gurudumu mpaka kifike. Hapo ndipo goti liende mpaka mwisho, vuta kazi kwa nyuma na kushoto, acha uzi sentimita 8 hadi 10 kabla ya kukata. Kimkono hicho cha uzi kikiwa katikati, uzi hautoki hata mkazo ukiwa wazi, unavuta sindano na kuipinda, au unakata mfupi na mshono wa kwanza wa kazi inayofuata unachomoa uzi kwenye tundu.

---

JinziNene:

Wakuu, mashine imesafishwa jana, kichwa kililazwa nyuma kusafisha vumbi chini. Leo goti linasukuma, wenzo unakwenda vizuri, mguu wa kubana haunyanyuki kabisa. Kimkono cha nyuma kinafanya kazi. Nini kimevunjika?

---

FundiSindanoMoja:

Hakuna kilichovunjika ndugu. Ni ile pini niliyoitaja mwanzo. Katika mashine nyingi za aina hii haijafungwa na skrubu, imesimama tu kwenye tundu lake. Ukilaza kichwa inaweza kuchomoka na kudondoka kwenye trei.

Zima mota, na kama ni ya kluchi subiri gurudumu lisimame kabisa, inachukua muda. Nyanyua mguu wa kubana kwa kimkono cha nyuma, laza kichwa mpaka kiegemee nguzo yake, usikishikilie kwa mkono. Tafuta pini ndani ya mafuta, ni chuma cha mviringo cha urefu wa kidole hivi. Ifute, tazama kama imepinda kwa kuibingirisha juu ya kioo au bamba, irudishe kwenye tundu. Shusha kichwa taratibu huku ukichungulia isilale upande. Ukiishusha ikiwa imelala, itapinda au itazuia kichwa kukaa sawa kwenye mpira wake.

Kisha rudia hatua ya 5, mlegezo. Na kama mafuta yamechafuka, ndiyo nafasi ya kubadili, maana pamba na vumbi vikiganda kwenye mhimili wa wenzo ndivyo vinavyoufanya mzito.

---

JinziNene:

Imepatikana kwenye trei. Inafanya kazi. Shukrani sana mkuu.

---

BiShungi:

Wenzo wangu ni mzito mno, baada ya saa moja nyonga ya kulia inauma upande wa nje. Je, ni kuzoea tu au kuna kasoro?

---

PedeliLaini:

Bi, maumivu usiyavumilie kwa jina la kuzoea. Wenzo mzima unasukumwa kwa nguvu ndogo, kama kusukuma droo iliyojaa nusu. Tafuta uzito unatoka wapi, kwa mpangilio huu:

Zungusha skrubu ya juu inayokaza mguu wa kubana, ilegeze kabisa, jaribu goti. Kama wenzo umekuwa mwepesi, tatizo ni kwamba mtu aliukaza kwa jinzi na hakurudisha. Kwa vitambaa vyepesi kaza kiasi tu kwamba kitambaa kinasukumwa bila kuteleza.

Kama bado mzito, nyanyua kwa kimkono cha nyuma. Nacho kikiwa kizito, fimbo ya mguu wa kubana imekauka au ina kutu. Ifute, tone moja la mafuta meupe ya cherehani mahali inapoingilia kichwani, panda shuka mara 30, futa yanayochuruzika yasiingie kwenye kitambaa.

Kimkono kikiwa chepesi na goti zito, tatizo liko chini: mhimili wa wenzo umekauka, umepinda (hutokea mashine ikihamishwa huku wenzo umefungwa, ukagonga mlango), au springi ya kurudishia imebanwa vibaya. Ukihamisha mashine, fungua wenzo kwanza.

Baada ya hapo angalia umbali. Nyonga huuma upande wa nje paja linapokwenda mbali mara nyingi. Sogeza kibao karibu kidogo, kifunge sponji ya unene wa sentimita 1, na jizoeze nusu badala ya mwisho. Tazama pia kiti: paja lilale usawa au litelemke kidogo kuelekea goti. Kwenye kigoda kifupi goti linakuwa juu kuliko nyonga na kusukuma pembeni kunakuwa kugumu. Kama kiti hakirekebishiki, mto mgumu unatosha.

Kama una tatizo la nyonga au goti kutoka zamani, ziko meza zenye pedeli ya pili ndogo kushoto na mnyororo unaonyanyua kwa unyayo. Kwenye mashine za kushonea mahema na viti vya magari huo mtindo ni wa kawaida.

---

ButterflyMweusi:

Naomba kuuliza kwa sisi wa cherehani nyeusi za kukanyaga, Butterfly na Singer. Kuna namna ya kufunga wenzo wa goti?

---

KanzuNaKofia:

Kichwa hicho hakikutengenezwa kwa goti, hakina nyenzo ya kusukumwa kutoka chini. Kuna wanaofunga waya wa breki ya baiskeli: mwisho mmoja kwenye kimkono cha nyuma, mwingine kwenye kibao cha mbao chenye bawaba chini ya meza. Inawezekana, lakini kuna mtego. Kimkono cha nyuma kina umbo la yai pale kinapogusa fimbo. Kikipita kilele chake kinajifunga juu na hakishuki chenyewe. Kwa hiyo lazima uweke kizuizi ili waya uvute mpaka kabla ya kilele. Hapo utapata nyanyuo dogo, kama la kugeuzia kona, na springi ya mguu wa kubana itakirudisha. Waya usiwe na kona kali, uwe na grisi, na uwe na mlegezo mguu ukiwa chini. Ukikosa mlegezo, utashona na mguu usiobana.

Halafu kumbuka unakanyaga kwa miguu yote miwili kwa mwendo wa kudumu. Goti halisukumi huku unyayo unapanda na kushuka. Utatumia ukisimama tu. Kwa maoni yangu, kama kazi ni ya sare za shule na kona nyingi, weka hiyo nguvu kwenye kutafuta kichwa cha kiwandani kilichotumika.

---

UziWaPamba:

Na kwa mashine za nyumbani zenye tundu mbele? Kuna wenzo mwembamba ulikuja kwenye boksi.

---

KolaNaKafu:

Juki TL-2010Q na Brother PQ1500S ni za kundi hilo, na Bernina wanao kwenye mashine zao kadhaa kwa jina la FHS. Unachomeka kwenye tundu, mwingine una pande bapa kwa hiyo unaingia kwa mkao mmoja tu, usiulazimishe.

Mambo mawili husumbua. La kwanza, wenzo unashuka mbele ya ukingo wa meza, kwa hiyo mashine lazima iwe pembeni kabisa mwa meza. Ikiwa ndani sentimita 10, wenzo unagonga ubao. La pili, mashine ni nyepesi na ukisukuma goti inateleza kwenda kulia. Weka mkeka wa mpira chini yake.

Kwenye Bernina, goti likinyanyua mguu wa kubana linashusha na meno pia, nayo yanarudi ukianza mshono wa kwanza. Wanaohamia humo hudhani meno yamekufa. Ni raha kwa kitambaa kinene, hakikwaruzwi unapokisogeza.

Tahadhari kwa wanaonunua mashine za zamani: Singer 99K ya umeme nayo ina chuma kinachochomekwa mbele na kusukumwa kwa goti. Huo si wa kunyanyua mguu wa kubana, ni wa kuendesha mota. Ukiusukuma ukidhani unanyanyua, sindano inakwenda, na vidole viko hapo hapo. Kabla ya kugusa mashine usiyoijua, chomoa umeme, sukuma wenzo, tazama nini kinasogea.

---

MamaNakshi:

Karatasi sasa inatoka kila mara, asante PedeliLaini. Nipeni mpangilio wa mazoezi, nina dakika 20 kwa siku.

---

FundiSindanoMoja:

Mama, tumia sindano iliyochakaa, kwa sababu siku ya 3 na 4 utashona juu ya karatasi na karatasi inaifanya butu.

Siku ya 1 na 2: mota imezimwa. Nyanyua na ushushe mara 30 ukitazama sindano, si goti. Kisha nusu: kunja kitenge mara nne, nyanyua kiasi tu kiteleze chini ya mguu, ukizidisha anza upya. Hiyo ndiyo ngumu, ipe muda mwingi.

Siku ya 3 na 4: karatasi isiyo na uzi. Chora miraba ya sentimita 5, fuata mistari, simama kila kona sindano ikiwa chini, goti nusu, geuza. Miraba 10. Tundu la kona liwe moja. Ukiona matundu mawili yaliyobanana, umekanyaga kabla mguu haujatua. Ukiona kona imepasuka, umegeuza bila kunyanyua.

Siku ya 5 na 6: uzi na popilini mikunjo miwili, miraba ya sentimita 3, kisha duara la ukubwa wa sahani. Geuza upande wa chini utazame kona, vitanzi vikionekana rudi kwenye nusu.

Siku ya 7: mifuko ya shati 6 kwenye kitambaa chakavu. Sheria ya siku hiyo ni moja, kimkono cha nyuma kisiguswe.

Na uangalie usisahau kimkono cha nyuma kikiwa juu, maana goti likiachia mguu hautashuka na utashona hewani.

---

BiShungi:

Wenzo umekuwa mwepesi, skrubu ya juu ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Swali la mwisho: nashona mapazia na kitambaa kinajaa mapajani, mara nyingine mishono inakuwa mifupi kwenye eneo moja bila sababu.

---

PedeliLaini:

Kitambaa kinasukuma kibao, Bi. Mzigo ukijaa mapajani unakilemea, mguu wa kubana unapungua nguvu na meno yanashindwa kusukuma sawasawa. Pitisha pazia kushoto, liweke kwenye kiti au meza ya pembeni, mbele yako kibaki kipande unachoshona. Dera pana au kanga pia hushika nyuma ya kibao, ikunje katikati ya magoti kabla ya kukaa.

---

JinziNene:

Nataka kupandisha mpaka milimita 13 kwa ajili ya mikanda ya jinzi. Kuna madhara?

---

FundiSindanoMoja:

Lipo moja la kuangalia. Ukishapita milimita 10, fimbo ya sindano ikiwa chini kabisa inaweza kugonga mguu wa kubana ulio juu. Rekebisha skrubu kwenye trei nusu mzunguko kwa wakati mmoja. Kila ukirekebisha, mota ikiwa imezimwa, sukuma goti mpaka mwisho na ulishikilie hapo, zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima ukitazama sehemu ya chini ya fimbo ya sindano. Ikigusa, rudisha nusu mzunguko. Ukibadili mguu wa kubana, wa zipu au wa kukunjia pindo, rudia kipimo hicho, kwa sababu kimo cha kila mguu si sawa.